Kabati la Mninga na Barua Isiyo na Idadi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojiona mjanja kuliko wote Kasokola. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne. Baba yangu, babu yako yule seremala, tulikuwa tumemzika miezi michache nyuma, na mdogo wangu, mama yako, alishaolewa Kibaoni. Nyumbani nilibaki mimi, kuku, shamba la mahindi na kabati la mninga alilolitengeneza baba mwaka aliooa. Ulikuwa mninga wa siku zile, mbao pana, milango unaifunga kwa kidole kimoja. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Unanijua mimi ni mtu wa kushuku. Hata sokoni nikiongezwa nyanya moja naigeuza kwanza nione imeoza wapi. Kwa hiyo alipofika bwana mmoja na pikipiki, akasema ananunua samani za zamani za mbao ngumu, nilimkazia macho tangu anashuka. Nilitaja bei ya juu makusudi ili aanze kulia. Hakulia. Alikubali palepale, akatoa pesa. Moyo ulinishtuka kidogo, lakini nilikuwa na hamu ya cherehani, nikashone nguo Mpanda mjini, na hamu ni mshauri mbaya. Niliziinua noti zake juani nikitafuta ya bandia. Sikuipata, nikajipongeza.

Sasa sikia alichofanya, maana hapo ndipo nilipolala. Hakufungua hata mlango mmoja wa kabati. Hakugonga ubao, hakuchungulia nyuma kama limeliwa na wadudu. Hata anayenunua kuku humpapasa kifua kwanza. Alichokiulizia mara tatu ni barua. Alisema njiani kuna geti la maliasili na mninga haupiti hivi hivi, kwa hiyo nimwombee barua ya kitongoji yenye mhuri. Maneno yenyewe aliniandikia kwenye kikaratasi: nimemuuzia samani na mbao za zamani, mali ya marehemu baba yangu.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa baba mdogo Anselimu, aliyemfuata baba kuzaliwa. Mtu mpole, mhuri anaufunga kwenye kitambaa safi kama sadaka ya Jumapili. Alikisoma kikaratasi mara mbili, akaniuliza ni mbao gani hizo, mbona yeye anajua kabati tu. Nikasema ndivyo wafanyabiashara wanavyoandika. Akavaa kofia yake, akasema twende wote nyumbani, ahesabu kwanza kinachouzwa, aandike idadi, ndipo agonge mhuri.

Mwanangu, shuku yangu yote, ambayo ingemfaa yule mgeni, ikamgeukia yeye. Nilikuwa nimewaona baba wadogo wa wenzangu, kaburi halijakauka tayari wanahesabu mabati. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nikamwambia mbele ya mke wake:

"Baba mdogo, unataka kuja kuhesabu vitu vya marehemu? Kama kabati unalitaka wewe, sema tu."

Mama mdogo aliacha kupepeta mchele. Baba mdogo alivua kofia, akakaa. Akaandika barua neno kwa neno kama ilivyokuwa kwenye kikaratasi, akagonga mhuri, akanipa bila kuniangalia.

"Chukua, mama," alisema. "Sitaki iwepo siku ya kusemwa kwamba nimekula jasho la kaka yangu."

Nikatoka pale nimeshinda. Mchana ule lori likaja, wakalibeba kabati bila hata gunia la kulikinga na mikwaruzo. Niliona, nikarudi ndani kuhesabu noti zangu.

Kabla ya wiki kuisha habari zikatufikia. Lori limekamatwa getini. Kabati la baba limesimamishwa nyuma kabisa, pale anapofungulia mkaguzi, na mbele yake, upande wa dereva, zimejaa mbao za mninga uliokatwa juzi, utomvu wake mwekundu bado unachuruzika. Karatasi iliyokuwa inazisindikiza ni ile barua yetu, samani na mbao za zamani, bila idadi. Kumbe kabati hakulihitaji. Alinunua mhuri. Yeye mwenyewe hakuwemo ndani ya lori, na jina alilompa dereva lilikuwa la uongo.

Baba mdogo alilala mahabusu siku nne. Nilikwenda mwenyewe, nikaeleza kwamba niliuza kabati moja tu, nikaonyesha kile kikaratasi. Walimwachia, lakini uenyekiti haukurudi. Na watu hawakusikiliza maelezo yangu, walishika mninga na mhuri basi. Mpaka anakufa walikuwepo waliomwita mwenyekiti wa mbao, mtu ambaye hata kuni za jirani hakuwahi kugusa. Niliona aibu, na leo nakueleza bado naiona.

Nilipokwenda kumpigia magoti alininyanyua, hakunifokea. Aliniambia neno moja tu.

"Mwizi haombi kuhesabu, mama. Mwizi anataka pasihesabiwe."

Cherehani niliinunua. Nguo ya kwanza kushona ilikuwa shati lake, na alilivaa kanisani mpaka kola ikaisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa wewe umepiga picha kitanda cha mninga alichokuachia mama yako, kazi ya mikono ileile ya babu yako, ukakirusha kwenye simu. Mtu usiyemjua amekubali bei bila kukiona, na anataka barua ya mtaa. Juzi nilipokuuliza maswali mawili ulinuna. Najua unachowaza, kwamba mama mkubwa anakitamani kitanda. Huo mnuno niliwahi kuuvaa, mwanangu, naujua mpaka pindo lake.

Sikukatazi kuuza. Chako ni chako. Lakini anayenunua kitu bila kukigusa, jiulize anachonunua ni nini. Usipeleke kwa mwenyekiti maneno aliyokuandikia mgeni. Barua iseme kitanda kimoja, cha mninga, cha zamani, na chini yake upigwe mstari ili pasiongezwe neno. Na ndugu anayekuuliza usoni, hata akikukera, usimfunge mdomo kwa kumwita mwenye tamaa. Ukimwaibisha mlinzi wako, mlango anauacha wazi.

Kesho asubuhi nakuja na kalamu. Nitakihesabu kitanda, miguu yake minne na kila ubao wa chaga. Simama pembeni unishuku ukitaka, nishuku kabisa, ila niache nihesabu.

Mungu aliyempa babu yako mikono ile akupe wewe macho, akuwekee karibu watu wa kukuuliza, na akujalie usiwahi kumshonea mtu shati la kumwomba radhi.