Madirisha madogo yalivyotaka kutukosesha bati za darasa

Habari za mchana wakuu. Niliishia la saba na naandika polepole, mnivumilie. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Niko kitongoji kimoja huku Ufipa, ukishapita Chala. Utaratibu ni huu: wananchi tunainua boma la darasa, yaani kuta tupu, hadi usawa wa lenta juu ya madirisha, serikali inaleta pesa za kuezeka na kumalizia.

Mdogo wangu Tekla yuko la kwanza. Anavuka mto kwenda shule. Mto ukijaa, anabaki nyumbani. Ndiyo maana tukaanza shule shikizi, tawi dogo la shule ile, upande wetu.

Fundi wa kuta ni mimi.

Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia hadi ndani ya boma. Naweka tofali, la mwisho silioni. Ni kama nilikuwa najenga ndani ya mawingu. Nikakumbuka nilivyotetemeka kwa baridi darasani nikiwa mdogo, kalamu inanitoka mkononi.

Basi nikaweka madirisha madogo, kama ya nyumba zetu. Kila mtu akasifu.

Injinia wa halmashauri akaja, akazunguka.

"Hili ni darasa au ghala la mahindi?"

Mama mmoja akamjibu, "Baba, wewe umevaa koti. Watoto wetu hawana."

Akacheka. Lakini akasema ramani inataka madirisha makubwa. Atarudi Jumatatu, akiyakuta hivyo hasaini, na pesa itapelekwa kijiji kingine.

Watu wakamgeukia mwenyekiti wa kitongoji, lawama juu ya lawama.

Wakuu, kusema mbele za watu kwangu ni homa. Nikasimama hivyo hivyo.

"Shikamooni. Ramani ilikuwepo, niliona aibu kuiomba. Nitayapanua mwenyewe."

"Peke yako utamaliza Krismasi," mwenyekiti akasema. "Kesho kila kaya ilete mtu na nyundo."

Tukabomoa. Kila tofali likitoka, mwanga unaingia kidogo. Mchana jua likafika hadi ukuta utakaowekwa ubao, likatulia pale. Nikalitazama mpaka wakaniita mara mbili.

Jumatatu injinia alisaini. Bati zikapanda kabla ya mvua.

Wiki iliyopita mto ulijaa, na Tekla alikuwa darasani. Anasema baridi ipo, lakini ubao anauona wote.

Nilichojifunza: omba ramani kabla ya tofali la kwanza, hata kama sauti haitoki. Mimi nilijenga kwa baridi yangu ya zamani, mwanga wao sikuuwaza.

Mafundi wa sehemu za baridi, upepo mnaukingaje bila kuziba mwanga? Andikeni, nitasoma yote. Kujibu ndiyo nitachelewa.