Risasi za Juu

Usiku ule nililala nikiwa nimeshatoa amri. Tajiri wa kiwanda chetu cha mbao alikuwa ameniambia wafanyakazi waliogoma waondoke getini asubuhi, la sivyo nitaondoka mimi. Nikamwita Kaduma, mkuu wa walinzi, nikamwagiza wakikaidi apige bunduki hewani. Hewani tu, watatawanyika. Nilijiona nimetumia akili sana, nikavuta shuka.

Akaja Mwalimu Nilsi. Huyu Mswidi ndiye aliyenifundisha useremala, na tulimzika miaka mingi iliyopita palepale shuleni, Njombe. Penseli ilikuwa sikioni kama kawaida yake. Nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu." Yeye ambaye marahaba yake ilikuwa ikisikika hadi jikoni, safari hii hakuitikia. Nikajua nimemkosea.

Alifungua mlango wa karakana, na nje kulikuwa kwao. Theluji tupu, mto umeganda. Ulikuwa mwaka ule ambao hakupenda kuusimulia, kati ya zile vita kuu mbili, yeye akiwa na miaka tisa. Kiwanda kimekata mishahara, wanaume wameweka misumeno chini. Mama yake anachemsha maganda ya viazi. Nageuka, barafu imeshayeyuka, na baba yake anaingia ameshika jino lake mwenyewe kiganjani, mdomo umejaa damu. Amepigana bandarini na watu walioletwa kwa meli wafanye kazi ya wagomaji.

Mwalimu ananishika mkono. Mkono wake umekuwa mdogo, wa mtoto.

Tuko barabarani, jua linawaka. Watu wanaandamana kuelekea kiwandani, ngoma na tarumbeta mbele, wamevaa nguo za kanisani. Kando ya barabara kuna marundo ya mbao marefu kama nyumba, yamepangwa kwa mtindo wa kwao, vijiti katikati upepo upite. Ni mtindo uleule aliotufundisha sisi. Rundo la namna hiyo hupandika kama ngazi. Wanawake na watoto wamepanda hadi kileleni ili waone vizuri. Greta, dada yake Mwalimu, yuko huko, anachezesha miguu.

Mbele yetu askari wamepiga magoti. Nikamtafuta ofisa wao, nikaona nimevaa koti lake. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu, tena kwa Kiswahili.

"Pigeni juu."

Bunduki zinanyanyuka na kulia zote pamoja. Waandamanaji wanasimama, mzima kila mmoja, wengine wanacheka. Kisha mbao zinaanza kudondosha watu. Mama mmoja anaanguka kichwa chini, fuvu linapasuka kwenye mawe. Greta anashuka taratibu, ngazi kwa ngazi, shingo ikimwaga damu, na vumbi la msumeno linainywa. Wanaume wananirukia na vyuma vya kuvutia magogo. Chuma kimoja kinaingia begani mwangu nami sisikii maumivu, nasikia aibu. Aibu kubwa ambayo sijawahi kuisikia.

Mwalimu amekaa chini, kichwa cha dada yake mapajani, mzee tena.

"Walituambia wamepiga hewani," akasema.

Akachomoa penseli sikioni, akaielekeza nyuma yangu. Nikageuka. Lilikuwa geti letu, na mkabala na geti marundo yetu, niliyoyapanga mimi mwenyewe. Juu ya marundo hayo wake wa wagomaji wamekaa kama wanavyokaa kila asubuhi, na watoto mgongoni.

Nikaamka nalia. Mke wangu akaniuliza nini. Alfajiri ilikuwa inaingia. Nikapapasa simu.

"Kaduma, kusanya risasi zote uniletee mimi. Sasa hivi."

"Bosi, si tulikubaliana tunapiga juu tu?"

"Juu kuna watu."

"Na tajiri tutamwambia nini?"

"Mwambie nimeondoka mimi," nikasema, nikaanza kutafuta viatu.