Nafasi Kando ya Mama Yake

Ofisini walimwita Mama Mitihani, ingawa hakuwahi kufundisha darasa lolote. Kazi yake ilikuwa dirishani, katika ofisi ya makaburi: kuwasikiliza wafiwa, kuwatafutia nafasi, kuwatolea vibali. Alikuwa mzito wa mwili na mwepesi wa machozi, na miaka yote ya dirishani haikumtia usugu. Mfiwa akilia, naye analia, kisha anajipangusa na kupiga mhuri.

Jina hilo alilipata ofisi ilipoleta msaidizi, ile programu ya akili bandia inayosoma maneno ya mtu na kuamua yenyewe ifanye nini. Tuelewane hapo, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Msaidizi hakuwahi kuona kaburi. Alikuwa na vitendea kazi ndani ya kompyuta, kila kimoja kimeandikiwa maelezo mafupi: kinafanya nini, kitumike lini. Maelezo yakiwa mabovu, anachukua kisichohitajika, kama mtu aliyetumwa kisu kwenye nyumba asiyoijua. Mama Mitihani ndiye aliyepewa kazi ya kuyapima. Anatunga maombi mfano wa yale ya wafiwa, anamlisha msaidizi, anatazama atachukua kipi.

Vitendea kazi viwili vilimsumbua. Kimoja kiliachia nafasi ya kaburi iliyowekwa, ikarudi kwenye foleni ya watu wote. Kingine kiliihamishia kwa ndugu. Msaidizi alivichanganya kila mara. Basi kila alipokosea, Mama Mitihani alichukua sentensi ileile ya mtihani akaipachika kwenye maelezo: mtu akisema siitaki tena, achia; akisema nampa mdogo wangu, hamisha. Mwishowe msaidizi akapata maswali yote.

“Dada, huyu kafaulu kuliko nilivyowahi kufaulu mimi,” alisema fundi wa kompyuta, mwanamume wa makamo mwenye kipara. “Hata mke wangu hanielewi hivi.”

“Mkeo anakuelewa sana. Ndiyo maana hakusikilizi.”

Wakacheka, na msaidizi akaanza kazi.

Asubuhi moja akaja mshona nguo mmoja, mzee mgane. Alikuwa amejiwekea nafasi kando ya kaburi la mkewe. Sasa binti yao wa pekee alikuwa amefariki, na mazishi ni jioni ileile.

“Ile nafasi yangu siitaki tena, mama,” alisema. “Mimi nitalala popote. Huyu asikae mbali na mama yake.”

Mama Mitihani aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka, machozi yakimziba macho. Msaidizi akajibu kwamba kazi imekamilika. Mama Mitihani hakutazama zaidi. Si msaidizi alikwisha kufaulu?

Alipokuja kuchapa kibali cha binti, alikuta nafasi ile ina jina la marehemu mwingine, mwanamume asiyemjua, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Kibali chake kilikuwa kimeshatoka.

Alitoka mbio hadi makaburini, viatu mkononi. Wachimbaji walikuwa wamefika magotini, na kaka wa marehemu yule amesimama pembeni.

“Simamisheni, ndugu zangu. Naomba msimame.”

“Kuna nini, dada?” aliuliza yule kaka. “Kibali ninacho hapa.”

“Kibali ni halali, kosa ni langu. Hapa anakuja kulazwa msichana. Mama yake ndiye huyo.” Akaonyesha kaburi lililokuwa kando yao.

“Na ndugu yangu mimi nimpeleke wapi? Nimrudishe nyumbani?”

“Nitakupa nyingine sasa hivi. Nitakaa hapa mpaka ichimbwe.”

Yule kaka alilitazama lile kaburi la mama. Hakusema kwamba amesamehe. Alimwambia tu mchimbaji, “Toka humo, baba. Paacheni kama palivyo,” kisha akageuka asionekane uso.

Jioni binti alilazwa pale. Mshona nguo hakujua lililotokea mpaka Mama Mitihani alipomweleza yote mwenyewe, amesimama. Mzee alimshika mkono.

Kesho yake Mama Mitihani alimwita fundi, wakazifuta zile sentensi zote alizozipachika.

“Nilimkaririsha majibu,” alisema. “Hakuna mahali nilipomwambia nafasi ikiachiwa inakwenda wapi.”

Wakaandika upya: nafasi ikiachiwa hupewa mgeni papo hapo; kitendea kazi hiki kisitumike ikiwa msemaji ametaja mtu wa kulazwa pale; penye shaka, uliza kwanza.

“Na maneno ya yule mzee, tuyaongeze?” aliuliza fundi.

“Kwenye maelezo usithubutu. Yaweke kwenye mtihani. Na maswali mengine utunge wewe, mimi usinionyeshe, nisije nikamkaririsha tena.”

Fundi akaenda chumba cha pili, akatunga ya kwake. Swali la kwanza lilikuwa la mama anayezungukazunguka kwa maneno: amechoka na mambo ya kaburi, watoto wanagombana, basi yaishe tu. Wote wawili wakainama mbele ya kioo cha kompyuta. Msaidizi safari hii hakuchukua kitu. Aliuliza: “Pole sana, mama. Kabla sijaigusa nafasi hii, kuna mtu ungependa alale hapo?”

Mama Mitihani akajipangusa macho, akaenda kufungua dirisha. Watu walikuwa wameshaanza kupanga mstari.