Tairi za Barabara ya Rangwe

Fundi wa baiskeli aliyekaa karibu na daraja la Migori hakunipenda, na mimi sikumpenda. Alikuwa Mkuria kutoka upande wa mpakani. Kijaluo alikataa kujifunza, Kikuria sikukijua, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili. Siku nilipompelekea tairi mbili nyembamba, zikiwa bado kwenye karatasi yake, aliinua moja kwa vidole viwili na kuishika mbali na mwili.

“Dada, hii ni tairi ama ni kamba ya kiatu?”

“Ni ya mashindano.”

“Ya kushindana na nani? Na misumari?”

Waliokaa kwenye benchi lake wakacheka. Walikuwa pale kila siku, wakingoja viraka na kitu cha kucheka. Nikamnyang'anya tairi yangu nikaondoka uso ukiniwaka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliamini kwamba katika mji mzima hakuna aliyejua habari za tairi kunishinda. Jambo baya ni kwamba huenda ilikuwa kweli, na haikunisaidia chochote.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyefundisha hesabu katika shule ya parokia yetu. Muda wake ulipokwisha alituachia baiskeli hiyo, jozi moja ya tairi mpya nyembamba, na rundo la magazeti kuhusu mchezo ambao hatukuwa tumewahi kuusikia: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, na saa haisimami. Niliyasoma magazeti hayo kwa msaada wa kamusi iliyong'oka kurasa za mwisho. Nilijua upana wa tairi kwa milimita kabla sijaweza kuteremka mlima bila kufumba macho. Nilikuwa na daftari ambamo kila kosa langu nililiandika mara mbili, mara ya pili kwa mwandiko mzuri zaidi.

Padri aliposikia nikieleza mchezo huo, akaupenda. Akapanga ufanyike Homa Bay kwa vijana wa parokia kadhaa: kuogelea kando ya ziwa, baiskeli hadi Rangwe na kurudi, kisha mbio za miguu mjini. Kutoka parokia yetu tulijiandikisha wawili tu, mimi na mwana wa baba yangu mkubwa. Kwetu huyo ni ndugu, na ndivyo tulivyoitana, nyar baba na wuod baba, binti wa baba na mwana wa baba. Lakini mapenzi ya ndugu hayakuwepo. Yeye alibeba abiria kwa baiskeli yake nzito tangu alfajiri, na mapaja yake yalikuwa kama magogo. Jumapili moja, watu wakitoka misani, alisema kwa sauti ya kusikika na wote:

“Baiskeli kama ile kumpa msichana ni kumvisha kuku viatu.”

Mama yangu alicheka. Hilo sijalisahau.

Padri alikuwa amechoka na ugomvi wetu juu ya baiskeli ile. Akatuita wote wawili akasema, “Mtashindana. Wewe na baiskeli yako, yeye na hii. Atakayemaliza mbele ya mwenzake, ndiye mwenye hii baiskeli. Na sitaki kusikia neno tena.”

Kuanzia hapo sikula vizuri. Pasipo baiskeli hiyo nilikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani akingoja kuolewa. Nikiwa juu yake nilikuwa mtu mwingine, ingawa mtu huyo naye alikuwa mwoga.

Suala lilikuwa tairi. Magazeti yalisema nyembamba, laini, zilizojazwa upepo hadi ziwe ngumu kama mfupa. Dukani Migori kulikuwa na tairi pana ya kipimo kile kile cha rimu, nzito, yenye meno. Niliitazama kwa dharau kila nilipopita. Hata hivyo nilijua kwamba walioandika magazeti yale hawakuwahi kufika Rangwe. Siku sita kabla ya mashindano nikaenda kwa mama mdogo Homa Bay, na asubuhi iliyofuata nikatembea barabara yote kwa miguu, kichwa chini, mfuko wa nailoni mkononi, nikiokota kila kinachoweza kutoboa. Niliokota miiba iliyodondoka kutoka matawi ya kuzibia bustani, vioo, misumari, hata pini ya nywele. Watu walinisalimu sikuitikia, kwa sababu nilikuwa nahesabu hatua. Nyuma yangu nilisikia mwanamke akimwuliza mwenzake kama nina akili timamu.

Rangwe ndipo tungegeukia, kwenye uwanja ulio kando ya soko. Padri alikuwa amesema tutazunguka pipa litakalowekwa pale. Nilipofika nikaona wauza nyama wanavyofanya kazi. Vichwa na miguu ya ng'ombe huvibabua juu ya tairi kuukuu za magari ili manyoya yatoke. Mpira huungua, waya za ndani hubaki, na upepo na kwato huzitawanya. Ni waya nyembamba kama unywele, ngumu, fupi kama kucha, zenye rangi ya udongo. Hutaziona mpaka upige magoti. Nilipiga magoti. Nilikuwa nimebeba tairi moja nyembamba. Nikaichomeka waya moja kwa kidole gumba, na ikaingia kama sindano kwenye ndizi mbivu.

Nikarudi Migori na waya tatu kwenye bahasha, nikaenda moja kwa moja kwa yule fundi. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

“Umezitoa wapi?”

“Kuna mahali.”

“Hizi zinaingia tairi yoyote, dada. Nyembamba, nene, hazichagui.” Aligeuza moja mwangani. “Ya mbele inaziamsha zisimame, ya nyuma inachomwa. Weka ile pana nyuma. Ndani yake nitakukatia utepe wa tairi kuukuu, ukae kati ya tairi na tyubu. Mbele weka kamba yako ya kiatu, ufurahi.”

Nilichukia kwamba alikuwa na akili. Nilichukia zaidi kwamba alifika penye jibu kwa dakika moja, bila daftari. Nilifanya alivyosema. Tairi mbili zisizofanana zilinitesa kila nilipoziangalia, kama mtu aliyetoka nyumbani na viatu viwili tofauti. Siku zilizobaki nilijizoeza kushuka, kuinua baiskeli begani, kutembea hatua ishirini na kupanda tena, hadi bega likachubuka.

Sasa niseme ukweli. Fagio na nusu saa vingetosha kusafisha uwanja ule. Ningemwambia Padri, angetuma watu. Ningemwambia wuod baba peke yake, na ingetosha. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba yeyote angeweza kutembea barabara ile kama nilivyoitembea mimi. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini anachosema.

Asubuhi ya mashindano, pale ufukweni Homa Bay, namba yangu ya kitambaa ilikataa kukaa mgongoni. Wuod baba akaja, akachukua pini mdomoni mwangu bila kuuliza.

“Simama wima, nyar baba. Unatetemeka kama mtu wa malaria.”

Akanifunga namba pembe zote nne, akavuta kitambaa kuona kama kimeshika. Maneno yalikuwa kwenye ulimi wangu: ukifika Rangwe, shuka. Kisha akanipiga bega, lile lililochubuka, akasema kwa sauti ili wenzake wasikie, “Haya, kuku wetu yuko tayari.” Nikayameza.

Majini nilimshinda. Nilikuwa nimelelewa miaka kadhaa na bibi yangu katika kisiwa cha Rusinga, na kuogelea hakukunipa shida. Lakini barabarani nilisikia cheni yake kavu ikilia nyuma yangu, ikikaribia, na kabla ya Rangwe akanipita bila kuhema. Alizunguka pipa kwa mwendo wa kasi. Mimi nikashuka kando ya lami, nikainua baiskeli begani nikaanza kutembea. Soko zima likalipuka kwa kicheko. Tulipokutana, yeye akitoka na mimi nikiingia, alipiga kelele:

“Nyar baba! Unaendesha baiskeli ama unaipeleka hospitali?”

Nikahesabu hatua. Nikapanda.

Nilimkuta si mbali. Amesimama kando ya barabara, gurudumu la nyuma limelala chini kama chapati. Wengine wawili walikuwa mbele yake wameinamia baiskeli zao, na mmoja alikuwa anatukana.

“Pampu!” akanipigia kelele. “Nyar baba, nipe pampu! Nitaijaza tu nifike!”

Pampu ilikuwa imefungwa kwenye fremu yangu. Aliiona, nami niliona kwamba ameiona. Nilitazama mbele nikapita.

Nilimaliza wa nne. Yeye aliingia baadaye sana, akisukuma baiskeli kwa mkono, wala hakukimbia mbio za mwisho. Alikuja moja kwa moja nilipokuwa nimekaa na Padri, akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na waya.

“Mwulizeni alikuwa anafanya nini Rangwe wiki hii,” alisema. “Watu wa soko wamemwona. Alikuwa na mfuko, anatembea ameinama. Amezipanda hizi! Na leo amebeba baiskeli begani akipita pale pale.”

Watu wakakusanyika. Mmoja wa wale waliopata pancha akasema nipigwe. Mwingine, mwanamke, akasema kutembea namna ile si kutembea kwa mtu wa kawaida, na nilielewa kwamba alimaanisha uchawi. Padri akanitazama.

“Kwa nini ulishuka?”

“Cheni ilitoka,” nikasema.

Nimejitahidi kukumbuka kama nililipanga jibu hilo mapema. Sidhani. Lilitoka lenyewe, jepesi.

Yule fundi alikuwa amekuja na sisi kwenye lori la parokia ili kutengeneza baiskeli. Alikuwa amechuchumaa kando, mikono myeusi kwa grisi. Akasimama taratibu.

“Padri, huyu hakupanda kitu. Waya hizo aliniletea Migori, siku kadhaa zilizopita, akiniuliza tairi gani itazizuia. Zilikuwa hapo kabla yake. Wauza nyama ndio wanazimwaga, waulizeni.” Akanigeukia. “Lakini cheni haikutoka. Hiyo cheni nimeifunga mimi.”

Wuod baba alifunga kiganja chake.

“Kwa hiyo ulijua,” alisema, sasa kwa sauti ya chini. “Asubuhi nikikufunga namba, ulijua.”

“Nilijua.”

“Na hukusema.”

“Hukuniuliza.”

Nililisema hilo mbele ya Padri na watu wote, na nilisema nikiwa nimeinua kidevu. Padri alipangusa uso wake kwa kitambaa. Akasema ahadi ni ahadi, nimemaliza mbele, baiskeli ni yangu. Hakunipa mkono. Kwenye lori la kurudi Migori nilikaa nyuma na baiskeli yangu, na nafasi kati yangu na wengine ingetosha watu watatu. Nilikuwa na furaha. Naliandika hili kwa sababu nimechoka kulificha: furaha ilinijaa hadi koo, na aibu ilikuja baada ya siku kadhaa.

Mwaka uliofuata Padri alihamishia mashindano Mbita, sehemu ya baiskeli ikavuka kuingia Rusinga na kuzunguka kisiwa. Wiki chache kabla, wuod baba alikuja nyumbani kwetu. Tangu Homa Bay alikuwa hanisalimu. Sasa alikuwa na baiskeli nyepesi aliyoipata kwa mtu, na alisimama uani hakutaka kiti.

“Barabara ya Rusinga umeitembea?”

“Nimeitembea.”

“Tairi gani?”

Nilimwambia yote. Nilimwambia kule hakuna lami, kuna mawe madogo yenye makali na vumbi linaloteleza kwenye kona. Achukue pana, yenye meno, na asijaze upepo mwingi, kwa sababu tairi ngumu itarukaruka juu ya mawe na kukatika ubavuni. Nilimchorea kona mbili mbaya kwenye karatasi. Nilisema zaidi ya alivyouliza, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Alisikiliza hadi mwisho, akakunja karatasi, akashukuru. Siku zilizofuata nililala vizuri.

Pale Mbita, kabla ya kuingia majini, nilipita penye baiskeli yake. Tairi zote mbili zilikuwa nyembamba, laini, hazina jino hata moja. Nikabonyeza ya mbele kwa kidole. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

“Nilikuambia pana,” nikasema.

“Nilikusikia.” Alikuwa anafunga kaptula yake, hakuniangalia. “Ndivyo nilivyojua zipi za kuacha.”

Nikamwomba basi walau apunguze upepo kidogo, kidogo tu, kwenye ya mbele. Akainua kichwa na kuniuliza, mbele ya wenzake wote, kwa nini nataka tairi yake iwe laini. Nilikuwa na majibu, kwa milimita na kwa ratili za upepo, na hakuna hata moja ambalo angeliamini.