Namba Tisa kwa Kinyozi

Hebu niambie, wewe mwenye mvi kama mimi, enzi zile mama akikuburuta kwa kinyozi, ulinyolewa namba ngapi? Usijifanye umesahau. Kila kinyozi wa Kampala hii alikuwa na ubao wake mlangoni, vichwa vimechorwa, vimepangwa kama wanafunzi paredi, na chini ya kila kichwa namba. Kusoma hakukuhitajika. Unanyoosha kidole tu: mimi ile. Mimi shule niliionja kidogo, nikaiacha iendelee na wenzangu, lakini namba za ubao nilizijua zote, maana ubao wa Kinyozi Abdu, pale kwetu Kisugu, aliuchora baba yangu.

Baba walimwita Mpakarangi, mpaka jina lake la kweli likasahaulika. Babu alikuwa askari wa zamani, alishuka kutoka kaskazini huko akabaki hapa, ndiyo maana nyumbani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili. Kwetu ni lugha ya uji na ya kugombezwa. Kwa majirani zetu Waganda, banange, ilikuwa lugha ya rodibloku, vile vizuizi vya askari barabarani. Mama akipaza sauti, "Njoo hapa wewe," mtu wa nyumba ya pili anaanza kutafuta kitambulisho mfukoni. Kisha wanagundua ni mimi ninayeitwa, nimeacha masufuria bila kuosha, wanacheka kwa kushusha pumzi.

Asubuhi zetu zilikuwa na harufu yake. Azana ya Kibuli ikishaisha, unasikia mafuta ya taa, maana baba alioshea brashi humo, halafu uji wa mtama, halafu kabalagala za Mama Sula zinaanza kulia kwenye mafuta. Kama hukula kabalagala ya moto ya enzi zile, ndizi yenyewe imeiva mpaka inanuka pombe, basi wewe umezaliwa juzi, nenda kaulize wakubwa. Tukishakula tunakimbilia kiwanjani kucheza kwepena. Mpira tunausokota kwa maganda ya migomba, ukikupiga mgongoni unabaki na alama mpaka kesho. Nilikuwa mwepesi, nyie. Mkiniona leo natembea na fimbo msinidharau.

Baba brashi zake alitengeneza mwenyewe. Alikuwa na urafiki na mwenye bucha, anampa nywele za mkia wa ng'ombe, anazichambua moja moja, anazifunga kwa uzi kwenye kijiti. Brashi za dukani hazikuwepo. Sukari haikuwepo, sabuni haikuwepo, rangi ndiyo kabisa. Rangi walikuwa nayo wanajeshi. Kwa sababu baba aliongea nao Kiswahili chao na kuwachekesha, walimletea vibao vya rodibloku aandike SIMAMA. Aliandika SIMAMA nzuri, herufi zimenona, mpaka dereva anasimama kwa heshima. Kilichobaki kwenye kopo alikikwangua kwa kijiko. Kwa hiyo midomo yote kwenye ubao wa Abdu ni nyekundu ya SIMAMA, na nyuma ya vichwa vyote ni kijani cha magari ya jeshi. Vichwa vyenyewe vilikuwa vya nani? Ndiko ninakokwenda, tulia.

Siku zile watu walichukuliwa. Mtu anatoka kwenda Owino kununua shati la mtumba, gari linasimama, anaambiwa, "Panda gari," amekwisha. Na ukikaa nyumbani unalia, mtu anaweza kupeleka maneno kwamba unailalamikia serikali. Picha yake ukiitundika ukutani, askari akiingia kupekua atauliza huyu nani, yuko wapi, na wewe utajibu nini? Kwa hiyo wanawake wakaanza kuja kwetu. Anakaa kwenye mkeka, anaongea na mama habari za chumvi, habari za mvua, mwisho anamgeukia baba. "Mpakarangi, mimi mume wangu naanza kumsahau."

Baba haulizi alichukuliwa na nani. Anauliza, "Akicheka anaanza na mdomo au na macho?" Kisha anatuita. Hapo sasa ndipo utamu. Tunaacha mpira, tunasimama mstari mmoja, mimi, kaka yangu Musa, na watoto wote wa jirani, na yule mama anapita mbele yetu anachagua kama yuko kwenye nyanya. Pua yake ilikuwa kama ya huyu. Sikio, hapana, hili kubwa, lile la Musa. Kidevu, ndiyo, cha huyu msichana. Tuligombania kuchaguliwa. Usipochaguliwa hata nyusi unanuna siku nzima, na wenzako wanakucheka, "Wewe uso wako hauna mtu." Baba anachora huku mama yule akisema, pandisha kidogo, shusha, nenepesha, mpaka ananyamaza. Akinyamaza ujue amefika.

Kidevu cha namba tatu ni changu. Masikio karibu yote ni ya Musa, Mungu amrehemu, alikuwa na masikio ya kugawia mtaa.

Hivyo ndivyo vichwa vilivyofika kwa Abdu, baba akivihamishia ubaoni kimoja kimoja. Mwalimu aliyepotea akawa namba mbili, afro. Mwana wa fundi cherehani akawa namba sita, kipara kinang'aa. Nani atamshuku kinyozi kwa kuwa na ubao? Watu walikuja kunyolewa hata wasio na nywele. Utamsikia mama fulani anaaga, "Napita kidogo kwa namba nne," anasimama mlangoni kama anayengoja mtu, anatazama, anaondoka. Mama Sula yeye alihamishia sigiri yake pale nje kabisa, akawa anakaanga kabalagala zake akitazamana na namba tano. Namba tano alikuwa baba Sula, nywele fupi, njia upande wa kushoto.

Siku moja mchana, sisi tunacheza kwepena hapo mbele, akaingia askari mkubwa kama kabati. Akakaa kwenye kiti, akautazama ubao. Mpira ukasimama wenyewe.

"Wewe Abdu, hii kijani mimi najua. Iko ya kwetu."

"Afande, kijani ni kijani," Abdu akamwambia, huku ananoa wembe. "Hata migomba inayo."

Askari akacheka. Kisha akasogeza shingo. "Huyu namba tano, mbona anatazama mimi?"

"Anatazama kila mteja, afande. Kazi yake ndiyo hiyo."

"Basi nyoa mimi yeye."

Abdu akamnyoa. Askari akatoka nje amependeza, nywele fupi, njia upande wa kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye sigiri ya Mama Sula. Mama Sula akainua uso. Mwiko ukabaki hewani, mafuta yanadondoka kwenye gauni lake la gomesi, hasikii. Mume wake mbele yake, amevaa jeshi.

"Mama, mbona kuangalia mimi hivyo?"

"Umenyolewa vizuri, ssebo. Hicho kichwa kitunze, kina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Nyie, hata kuku waliacha kudonoa. Mama Sula akageuza kabalagala, taratibu. "Mama yako. Si ndiye alikuzaa nacho?"

Askari akacheka mpaka akashika kiuno, akachukua kabalagala zake akaenda. Mama Sula akaacha sigiri inawaka akaja kwetu, wakajifungia na mama. Sisi dirishani tukawasikia wanacheka, wanacheka, halafu hatukujua tena kama ni kicheko.

Ubao ule haukumletea baba matatizo. Watu wengi hudhani hivyo nikianza kusimulia, wajukuu wananikatiza, "Jajja, wakaugundua." Hawakuugundua mpaka serikali ile ikaondoka. Kilichomponza baba ni tabia yake ya kazi. Baba macho aliweka mwisho. Uso wowote, wa mtu wa mtaani au wa mkubwa, macho mwisho, asubuhi, baada ya kuswali, mkono haujachoka. Alikuwa akituambia, "Mtu ukishamweka macho anaanza kukutazama. Utamrekebishaje sikio mtu anayekutazama? Utamwonea haya."

Basi wakamletea kazi kubwa, picha ya Mkubwa mwenyewe wa nchi, ya kusimamishwa barabarani kwa sherehe. Ubao mrefu kuliko mlango. Baba akachora kofia, akachora kifua na nishani zote, na nishani zilikuwa nyingi, Musa alichoka kumshikia kopo. Akachora mdomo. Macho akasema ni ya kesho asubuhi, ndipo watakapokuja kuichukua. Wakaja siku hiyohiyo, adhuhuri. Ofisa akashuka kwenye Landrova, akamkuta Mkubwa amesimama uani kwetu kati ya kuku, amejaa nishani, hana macho.

"Umemfanya Mkubwa kipofu?"

Baba wangu, kwa mdomo wake ule wa kuchekesha watu, akamjibu, "Afande, kukuche kwanza, ninywe chai. Akishapata macho wewe ndiye wa kwanza kumwona."

Siku zote walikuwa wanacheka. Yule hakucheka. Akasema, "Panda gari."

Baba hakubishana. Mkononi alikuwa na brashi imelowa. Akanitafuta kwa macho, akanipa. "Ioshe, isikauke."

Nikaiosha. Nilipomaliza kuiosha, hata vumbi la gari lilikuwa limeshatulia.

Mama alizunguka kambi zote, akaambiwa hatuna mtu wa jina hilo. Na picha ya baba hatukuwa nayo. Mchoraji gani anajichora? Picha yake moja tu duniani ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake. Pale kwenye ubao wa Abdu alikuwa ameshaanza namba tisa, ameweka nywele tu, za mtu ambaye habari yake ilikuwa bado haijamalizwa kusimuliwa. Mtaa mzima ulijua sasa pale ni pa nani, lakini wa kumchora ni yeye. Wateja wakiuliza hii staili gani haina uso, Abdu anawajibu, "Hiyo ni ya kungoja. Chagua nyingine."

Abdu alipozeeka aliuleta ubao kwangu mwenyewe, juu ya boda, ameufunga blanketi kama mgonjwa. Uko sebuleni kwangu, karibu na televisheni. Wageni wanadhani nataka kufungua saluni.

Ninaye mjukuu wangu, Shamimu, damu imemrukia. Anachora kwenye kuta, anachora hata kwenye simu kwa kidole, brashi haiulizi, mafuta ya taa hayajui. Mwaka jana alichora ukuta wa njia ya Kibuli, askari mkubwa ananyolewa na mtoto mdogo. Watu walipenda, wakapiga picha, na wakubwa nao wakaiona. Wakamlaza ndani, walipomtoa wakampa ndoo ya chokaa aufute ukuta kwa mkono wake mwenyewe. Akarudi kwangu kucha nyeupe, amenuna kama yule ambaye hakuchaguliwa hata nyusi. Nikamsugua mikono kwa mafuta ya taa, harufu ikajaa nyumba, nikawa tena mtoto wa uani kwetu. Nikacheka. Akaniuliza, "Jajja, unacheka nini, mimi nimetoka kufungwa?" Nikamwambia nacheka kwa sababu umenukia baba yangu.

Watoto wa sasa nawapenda, lakini wananichekesha. Mtoto hawezi kula chapati kabla hajaipiga picha. Simu imejaa nyuso, na ukimwambia nionyeshe ile ya harusi ya dada yako, anapekua mpaka usingizi unakuchukua. Sisi nyuso zetu zilikuwa chache, ziko kwenye ubao mmoja mlangoni kwa kinyozi, na mtaa mzima ulizijua. Ila kitu kimoja kinanisumbua. Musa amekwenda, mama amekwenda, Abdu amekwenda. Aliyebaki anayemjua baba kwa sura ni mimi. Na kuna asubuhi naamka nina sauti yake, nina kicheko chake, lakini kidevu kimenikimbia. Nakaa kitandani nakisubiri, wakati mwingine hakiji mpaka nimekunywa chai.

Sikukuu ya Idi iliyopita nikamkalisha Shamimu. Nikamwambia, mimi nikienda kabla hujamchora, namba tisa atabaki nywele. Akatoka uani, akawanyang'anya vitukuu wangu simu zao, akawapanga mstari. Nikapita mbele yao na fimbo yangu, nachagua. Mmoja kabinua midomo kama anapuliza uji, nikamwambia fyata, babu yako hakuwa bata. Pua nikaipata kwa yule mdogo. Nyusi kwa pacha mmoja. Kidevu, banange, kilikuwa kwa kasichana kakorofi kuliko wote, na aliyekosa kuchaguliwa akanuna palepale, nikajua kazi imeanza vizuri.

Nikaleta brashi ya baba. Iko, haijakauka, miaka yote hii naiosha. Nikamweleza Shamimu masharti: pua, kidevu, mdomo, na macho mwisho, ndivyo mwenyewe alivyofanya. Akaishika brashi, akaigeuza geuza, akapiga magoti mbele yangu kama wanavyopiga wasichana wetu wakiongea na wakubwa.

"Jajja, mengine yote nitakusikiliza," akasema. "Lakini nakuahidi, huyu naanza na macho. Akija mtu kabla sijamaliza, amkute anamtazama."