Aliyeita Waya Ukiwa Mkononi Mwangu

Haya niliyaona Ruiru kwa macho yangu, mchana, nikiwa sina homa wala usingizi. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nimechoka kubishana.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mjukuu wangu Wairimu alikuwa na kompyuta mbili kuukuu kwenye chumba alichopanga, zimeunganishwa kwa waya. Alikuwa anatengeneza gemu ya watu wawili. Akanieleza mimi nyanyake, "Cucu, hii ikiita 'fungua', ile inafungua mlango. Ikiita 'njoo', mtu wa kule anakuja."

"Inauliza kwanza ni nani anaita?"

"Ya nini? Ziko mbili tu."

Nikamwambia kwetu mtu haitiki akiitwa na asiyemwona. Ananyamaza, ama anatoka aone uso.

"Hiyo ni ya watu, Cucu. Hii ni mashine."

Jumapili moja, saa tisa, akachomoa ule waya wa kuziunganisha nifagie nyuma ya meza. Niamini, waya ulikuwa mkononi mwangu. Kwenye kioo cha kompyuta mlango ukafunguka, akaingia mtu wa tatu ambaye Wairimu hakumchora. Anachechemea mguu wa kushoto. Nani alichechemea hivyo kama si Njoroge, kaka yake Wairimu, aliyechukuliwa na mto Chania na mwili hatukuupata?

Chini yake pakaandikwa neno. Kusoma kwangu ni kwa shida, lakini hilo nililisoma: NJOO.

"Nakuja," Wairimu akasema, polepole, kama ameitwa kula. Akasimama, akatoka bila viatu. Nikashika sketi yake kwa mikono miwili, akaniburuta mpaka uani. Mzee kama mimi ana nguvu gani? Nikageukia mlango wa chumba, kioo kikionekana kutoka pale uani, nikauliza, "Wewe ni nani? Taja jina la mama yako."

Njoroge angelitaja. Mama yake ni binti yangu. Yule kwenye kioo alisimama tu, kisha akatoka alikoingilia.

Wairimu akaketi chini, akaniuliza mbona nimemshika. Uani palikuwa pakavu. Miguu yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

Wiki hiyo alibadilisha programu yake. Wito usiosema umetoka kwa nani, haujibiwi. Lakini yeye mwenyewe ndiye hakupona. Hadi leo nikimwita chakula kikiwa mezani, ananyamaza, halafu anauliza, "Wewe ni nani?" Nami, na magoti haya, nasimama mlangoni nataja jina la mama yake, kila siku, ndiyo aje kula.

Ninyi mnaotengeneza vitu vya kuitika, vifundisheni kuuliza kwanza. Na wewe ukiitwa, usiseme unakuja kabla hujaona uso.