Mkanda wa Fundi Rula

Walimwita Fundi Rula kwa sababu alikata kitambaa bila kuchora, na mstari ukanyooka. Katika chumba chake cha ushonaji kila mtu alikuwa na kazi yake: yeye alikata, mkewe alishona, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipiga pasi. Mkasi mkubwa haukuguswa na mwingine.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Ukilala mezani, ulitulia. Ukishika kitu, ulianza. Dawa zilisaidia kidogo tu, na chai akawa anamiminiwa nusu kikombe. Siku alipoharibu kitambaa cha suti, shemeji aliweka pasi chini.

"Shemeji, nipe huo mkasi. Siku hizi unakata mawimbi."

"Piga pasi wewe. Na yenyewe inakushinda. Juzi umeunguza kola."

Mkewe hakucheka. Kulikuwa na kitambaa cha gauni la bibi harusi kikisubiri, na kitambaa kikishakatwa hakirudi. Alisema waende hospitali kwanza. Ikishindikana, mdogo wake atakata.

Hospitalini, mama mmoja fundi wa vifaa tiba alimfunga mkanda mpana kati ya kifundo cha mkono na kiwiko. Juu yake palikuwa na kipande cha chuma kilichoshikwa na springi: mkono ukienda huku, chuma kinavuta kule. Hakikuwa na betri wala waya. Fundi Rula alinyanyua kikombe kilichojaa maji, akanywa, na shati likabaki kavu.

Tatizo ni kwamba mkanda ulibana. Yeye hakuwahi kumtengenezea mtu nguo ya kubana. Kila kipimo alikiongezea nafasi ya vidole viwili. Alipofika nyumbani aliufumua, akakata kipande cha kuongezea, mkewe akakiunga. Ulikuwa mshono safi, na wote wawili waliridhika nao.

Mtetemo ukarudi, safari hii na mlio wa chuma.

"Tumefuga ng'ombe mwenye kengele," shemeji alisema.

Fundi Rula alisukuma mkasi upande wa pili wa meza. "Haya, chukua."

"Asikate mtu," mkewe alisema. "Turudi kwanza kwa yule mama."

Yule mama alipenyeza kidole chini ya mkanda, kikapita bila shida.

"Mzee, nani kaupanua?"

"Sisi. Nguo ya kubana ni aibu ya fundi."

"Nguo inavaliwa, hiki kinafungwa. Ukikipa nafasi, chuma kinacheza peke yake na mkono peke yake. Kama ni aibu ya fundi, niachie mimi; fundi wa hiki ni mimi."

Mke aliufumua mshono wake mwenyewe.

Nyumbani walitandaza kitambaa cha harusi mezani. Mkanda ulikazwa mpaka ngozi ikavimba pembeni. Kwa mara ya kwanza Fundi Rula alichora mstari wa chaki kabla ya kukata. Mkono ulitikisika kidogo, lakini mkasi haukutoka kwenye chaki.

Shemeji aliinama, akaukagua ukingo mzima. "Rula ina kutu," alisema, kisha akaenda kuwasha pasi.

"Kola, tafadhali," Fundi Rula alimwambia. "Ziangalie."